Matone Juu ya Benzi Nyeusi

"Usipumue," Elirehema aliiambia Benzi, nayo ikatii.

Mkono wake wa kulia alikuwa ameuvika mfuko wa mkate, ule mwepesi unaobaki mkate ukishaliwa, na macho ameyafumba. Vidole viliteleza juu ya boneti nyeusi polepole, kama mtu anayepapasa paji la mtoto kuona kama bado ana homa. Kidole kitupu hudanganywa, lakini ukikivika mfuko husikia hata punje moja ya vumbi iliyojificha. Akasikiliza. Hapa laini. Hapa laini. Hapa, karibu na taa, kichunusi. Akachukua kipande cha udongo wa kusafishia rangi, udongo wa buluu ambao huukanda kama tonge la ugali, akakisugua kile kichunusi kwa upole hadi kikakubali. Akapapasa tena. Kimya.

"Haya, sasa pumua."

Karakana yake haikuwa karakana. Ilikuwa sebule ya nyumba ambayo mwenyewe aliianza kwa mbio, akafika kwenye linta, kisha maisha yakamkumbusha mambo mengine. Sombetini imejaa nyumba za namna hiyo, zinazosubiri paa kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ukuta wa mbele haukuwapo. Mahali pake palining'inia turubai la lori. Dirisha lilikuwa tundu tu, na ndani ya tundu hilo Mlima Meru ulikaa mzimamzima kama picha ya ukutani, asubuhi umejifunga mawingu kiunoni, jioni umeyavua.

Watu wa mtaa ule wana mengi ya kusema juu ya huyu bwana, na anayetaka kuyapunguza ayapunguze mwenyewe. Wanasema aliwahi kung'arisha mlango wa Land Rover hadi jogoo wa jirani akamwona hasimu wake ndani ya mlango, wakapigana tangu asubuhi mpaka saa sita, na aliyesalimu amri ni yule wa nje. Wanasema siku moja wingu lilishuka mlimani, likapita dirishani, likajitazama kwenye buti la gari lililokuwa humo, likaona aibu kwa jinsi lilivyonenepa, likaenda kunyesha lote Monduli. Elirehema akiulizwa hakatai wala hakubali. Husema tu, "Jogoo yule alikuwa na hasira tangu kwao."

Alianzia kwenye majeneza. Kijana wa Kimeru kutoka Poli, aliajiriwa na seremala kupiga vanishi, na akaipiga vizuri mno hata waombolezaji wakiinama juu ya jeneza walijiona wenyewe wamelala mle ndani, wakalia kupita kiasi. Seremala akamwambia, "Eli, wewe nenda kwenye magari. Huko watu wanapenda kujiona."

Miaka ishirini na sita imepita. Mvi zimemwingia kama vumbi, lakini mikono haijazeeka.

Benzi ililetwa Alhamisi. Aliyeileta alishuka akaacha mlango wazi kama mtu aliyezoea kufungiwa milango. Naisiae, mwanamke wa Kiarusha, mrefu, mwenye duka la saruji na mabati mitaa minne kutoka hapo, na sauti ya kuweza kupanga foleni peke yake.

"Fundi, unaliona gari?"

Elirehema aliwasha taa yake ndogo, akaisogeza karibu na rangi. Kwa mbali Benzi ilikuwa nyeusi ya kutisha. Chini ya taa ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba, miduara juu ya miduara, kazi ya buibui aliyelewa.

"Naona watu wote waliokutangulia," alisema. "Huyu wa kwanza alikuwa mstaarabu, alikuwa anaiosha Jumapili kwa sifongo. Huyu wa pili alikuwa bosi, hakuigusa hata mara moja. Na hawa wa mwisho ni vijana wa barabarani, wenye kitambaa kimoja kwa magari arobaini na mchanga wa mtoni ndani yake."

Naisiae akacheka bila kutaka. "Na mimi umeniona?"

"Wewe bado hujaandika kitu."

Hapo ndipo akavuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake na gauni lake la kitenge, akasema jambo ambalo labda hakupanga kumwambia fundi. Kwao ni Olmotonyi, juu kule kwenye misitu. Miaka tisa iliyopita aliamka akamwambia mama yake kwamba hatalima viazi tena, anashuka mjini kufanya biashara. Mama yake, Nanyori, mjane asiye na maneno mengi, alikuwa anakamua ng'ombe. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Nenda. Utarudi kwa miguu."

"Ndiyo hayo tu?" Elirehema aliuliza.

"Fundi, wewe ni Mmeru, unajua. Mama wa Kiarusha akikutamkia neno asubuhi, mkono uko kwenye chuchu ya ng'ombe, hilo siyo neno la mchezo." Akatazama vidole vyake. "Nilinunua pikipiki. Nikafika nayo Ngaramtoni, nikageuza. Niliona kama bado ni miguu. Nikanunua Korola, nikageuza palepale. Pikapu ndiyo usiseme. Kila nikifika pale sokoni nasikia maziwa yanavyolia kwenye kibuyu, nageuza."

"Na hii?"

"Hii sigeuzi. Jumapili mtoto wa kaka yangu anapata kipaimara. Nitaingia nayo mpaka mlangoni kwa mama, nizime injini, ajione mle ndani kwenye rangi kabla hajaniona mimi." Akasimama, akakung'uta kitenge. "Alama moja tu, Fundi. Nikikuta alama moja, ujue nimerudi kwa miguu."

Elirehema alipitisha kifaa chake cha kupima unene wa rangi, kidude kidogo kama simu ya zamani. Milango, salama. Paa, salama. Boneti, akarudia mara tatu.

"Dada, boneti hii imeshasuguliwa na watu wenye hasira. Vanishi ya juu imebaki ngozi ya kitunguu. Naweza kupita juu yake kwa mashine mara moja. Nikipita mara ya pili, tunakutana na rangi yenyewe, na hapo hakuna polishi duniani inayorudisha."

"Basi pita mara moja, upite vizuri."

Ijumaa alipita mara moja. Mashine ilinung'unika kwa sauti ya nyuki waliotulizwa moshi, na kila alipoifuta dawa kwa taulo, weusi ulizama chini zaidi. Kwanza ulikuwa weusi wa sufuria, halafu weusi wa kahawa iliyochujwa, halafu ule wa maji ya kisima ambacho hakuna aliyewahi kukifikia chini. Elirehema alikuwa na tabia ya kuota akiwa amesimama. Alimwona mama yake ndani ya mlango wa kushoto, amebeba mkungu wa ndizi, anapanda kilima cha Poli bila kugeuka. Siku aliyoondoka nyumbani, mama alikuwa shambani. Hakumwambia neno, la heri wala la shari. Alipokufa, Elirehema alikuwa Dar es Salaam anajifunza mashine. Alisimama na taulo mkononi mpaka mama akafika juu ya kilima akapotea kwenye bawaba. Ndipo akahamia mlango wa kulia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya seramiki. Kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, maji yake hayana rangi, lakini yakipakwa juu ya vanishi hukauka yakawa kama kioo chembamba: vumbi linateleza, matope yanateleza, jua linapigwa butwaa. Sharti ni moja. Toka unapopaka mpaka kesho yake asubuhi, gari halisogei wala halipati maji. Tone lolote litakaloangukia mle kabla hakujakucha litakauka na seramiki, likae humo kama mdudu kwenye utomvu, na kulitoa ni kusugua upya.

Kwa hiyo alimwagia sakafu maji ili vumbi la Sombetini lilale, akateremsha turubai, akamwambia Anyesi, mama wa chai na maandazi aliye pale nje kwenye kona, "Leo nisikuone humu hata na kikombe."

"Kwani kuna nini?" Anyesi aliuliza, na macho yake yalikuwa yameshaingia chini ya turubai.

"Hakuna."

"Hiyo si Benzi ya Naisiae wa saruji? Anaipeleka Olmotonyi kesho kwa mama yake?"

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nani! Mimi si shangazi yangu yuko Olmotonyi? Tena jana nimempigia nikamwambia."

Elirehema alifunga turubai kwa kamba. Kumwambia Anyesi siri ni kazi bure, maana huwa anayo tayari.

Alipaka kuanzia buti, kipande kwa kipande, akisubiri maji ya kichupa yatoe rangi za upinde wa mvua, kisha akifuta kabla hayajagoma. Saa saba mchana alikuwa kwenye boneti. Alipofuta mara ya mwisho akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye ndoo. Mlima Meru ulikuwa dirishani, na ulikuwa kwenye boneti pia, na kwa dakika kadhaa hakujua kwa hakika upi ungeanguka kama mtu angetupa jiwe.

Ndipo turubai likasogea pembeni, kwenye ile nafasi ambayo kamba haifiki.

"Hodi humu."

Alikuwa mwanamke mzee sana, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, shuka la buluu begani, shanga shingoni, masikio yaliyotobolewa yakining'inia bila hereni. Miguuni viatu vya tairi, na vumbi jeupe mpaka magotini. Kwapani alishikilia kibuyu.

"Shikamoo, Koko," Elirehema alisema haraka, akimwita bibi kwa Kiarusha, akainamisha kichwa jinsi inavyotakiwa. Kiganja kikavu kikamgusa utosini.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa gari la Naisiae?"

"Ndipo. Koko umetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Olmotonyi? Umeletwa na nani?"

"Na hii." Akainua mguu mmoja kidogo, akautua. "Niliamka kabla ya jogoo. Bodaboda wananiita njia nzima, koko panda, koko panda. Nikawaambia mimi leo nina sababu ya kutembea."

Alilisogelea gari. Elirehema akanyoosha mkono. "Koko, samahani, leo halishikwi. Hata kidole. Mpaka kesho."

"Silishiki," alisema, na kweli hakulishika. Alisimama mbele ya mlango wa dereva, akakunja macho yake yenye ukungu. Halafu akaunyoosha mgongo na kusema kwa adabu kubwa, "Shikamoo, mama."

Akasubiri. Midomo ya yule wa ndani ya mlango ilisogea pamoja na yake, lakini hakuitika.

"Nilidhani ni mama yangu," alisema baadaye, akimgeukia fundi. "Kumbe ni mimi. Nimezeeka hivi, na hakuna aliyenipa habari!" Akacheka mpaka akashika mbavu, na Elirehema naye akacheka, ule uchovu wa asubuhi yote ukamtoka.

"Ngoja nikuletee kigoda, Koko, upumzike."

Kigoda kilikuwa chumba cha nyuma, chini ya makopo. Kukitafuta kulichukua muda wa mtu kumeza chai moja. Aliporudi, kigoda mkono wa kushoto na taulo lake begani kama kawaida, mzee alikuwa amesimama mbele ya boneti. Kizibo cha kibuyu kilikuwa chini. Mkononi alikuwa na kishungi cha majani mabichi, sijui aliyachuma wapi katika mtaa ule wa tofali na vumbi, na majani yalikuwa yanadondoka maziwa.

Juu ya boneti, juu ya ule weusi wa kisima, kulikuwa na matone meupe. Yametawanyika kama kondoo waliofunguliwa asubuhi.

"Enkai," mzee alisema, akimwita Mungu kwa lugha yake, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili yule Mmeru asikie, "njia ya gari hili isiwe na mashimo."

Akaushusha mkono wenye majani.

Elirehema alilivuta taulo begani. Dakika tano, labda saba. Futa sasa hivi, kwa mkono mwepesi, paka tena tone la seramiki, na hakuna atakayejua. Ngoja, na matone yale yatabaki hapo maisha yote ya gari, maana boneti haina ngozi ya kusuguliwa tena. Alama moja tu, Fundi. Akapiga hatua.

Lakini mzee alikuwa anamtazama. Hakuwa amemaliza. Alikuwa anasubiri.

Na Elirehema alijua anasubiri nini, kwa sababu amekulia mlima huohuo, ng'ombe wa Waarusha wakipita mbele ya kanisa lao. Baraka ya watu wale haiendi kwa mguu mmoja. Mzee hutamka, na walio hapo huitikia, *Naai*, kama wengine wanavyosema amina, na bila ya kuitikiwa neno husimama palepale hewani, haliendi mbele wala halirudi. Wa kuitikia ndani ya sebule ile isiyo na ukuta alikuwa mmoja.

Ukiitikia baraka, huifuti kwa taulo.

Alimtazama mzee. Vumbi limeganda magotini. Mate yamemkauka pembeni mwa midomo. Toka kabla ya jogoo.

"Naai," alisema Elirehema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto aliyeulizwa na mwalimu.

Majani yakarudi kwenye kibuyu. Matone mengine.

"Na anayeliendesha asiwe na haraka."

"Naai."

"Alale penye ng'ombe, aamke penye watu."

"Naai."

"Na lile neno lililonitoka siku ile nikiwa nakamua, lirudi kinywani mwangu. Ni mimi nilimeze."

Elirehema alilitazama taulo mkononi. Mzee akangoja, hana haraka.

"Naai, Koko."

Ndipo akapiga funda moja la maziwa, akainama, akalipulizia juu ya boneti kwa manyunyu membamba pamoja na mate yake, pfff, jinsi anavyobarikiwa mtoto anayependwa. Akafuta midomo kwa shuka. Akakaa kwenye kigoda.

"Sasa nipe maji ya kunywa," alisema.

Elirehema alilikunja taulo mara mbili, mara nne, akalitia mfukoni. Akampa maji. Alipiga simu kwa Naisiae mara tatu, lakini Jumamosi mabati yanapopakiwa hakuna simu inayosikika. Nje, kwenye kona, maandazi yalikuwa yanaungua peke yake. Anyesi hakuwapo tena. Alishaondoka mbio kuelekea duka la saruji.

Ilipita kama nusu saa. Mzee alisinzia ameketi. Matone yalitulia, kingo zikaanza kuonekana. Meru uliokuwa kwenye boneti ulikuwa sasa una theluji ambayo ule wa dirishani haukuwa nayo.

Turubai lilifunguliwa kwa nguvu. Naisiae alisimama hapo anahema, jasho linamchuruzika, kitenge amekishika juu ya magoti. Gari lake lilikuwa humu, na hakuwa amengoja pikipiki. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa mkononi, miguu mitupu, vumbi la mitaa minne limempanda.

Macho yake yalienda kwanza kwenye boneti. Elirehema aliyaona yakienda, akauma meno.

"Fundi. Hii nini?"

"Ni mimi," alisema mzee bila kufungua macho.

Lori lilipita huko nje, likapita lote na tela lake.

"Mama," Naisiae alisema. "Umekuja na nini?"

Mzee alifungua macho. Hakumtazama usoni. Aliitazama miguu ya bintiye kwa muda, vidole vilivyojaa vumbi, kisha akaitazama ya kwake, na kitu kikapita midomoni mwake, ambacho hakikuwa kicheko kabisa.

"Kama ulivyokuja wewe," alisema.

Naisiae aliweka viatu chini. Akainamisha kichwa, kile kichwa kirefu, chini, chini zaidi, mpaka kikafika kwenye kigoda, na kiganja kikavu kikatua juu yake na hakikuondoka upesi. Elirehema aligeuka akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika.

Baadaye Naisiae alisogea kwenye boneti. Alinyoosha kidole, akakisimamisha juu ya tone moja bila kugusa.

"Bado linafutika?"

"Lilikuwa linafutika," Elirehema alisema. "Nilikuwa na taulo mkononi, dada. Sikuweza. Niliitikia."

Alitegemea ile sauti ya foleni. Haikuja. "Uliitikia ngapi?"

"Zote nne."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu jambo lingine. "Na kesho yatakuwaje?"

"Yatakuwa kioo. Mvua itateleza juu yake."

Mzee alikuwa ameshasimama, kibuyu kwapani. "Mimi naondoka, jua lisinizamie huku chini. Ng'ombe hawana mtu."

"Mama, ngoja nikuitie usafiri."

"Sikuja kwa usafiri."

"Gari hili haliwezi kusogea mpaka kesho!"

"Nani kakuuliza gari?"

Naisiae alimtazama mama yake, akaitazama Benzi, akamtazama fundi kana kwamba fundi ndiye mwenye funguo za jambo hilo. Kisha akainama, akaviokota vile viatu vya kisigino kwa vidole viwili.

"Fundi, nitapita kulichukua..." alisema, na hakumalizia ni lini.

Elirehema aliwashikia turubai. Alipoliteremsha akaacha ufa, upana wa mkono, hewa ipite. Akachukua ndoo, akanyunyiza maji sakafuni kidogo kidogo, vumbi lisiamke. Hakuwafuata kwa macho. Hakuhitaji. Kwenye boneti, ufa ule wa mwanga ulikuwa umekuwa barabara, na juu ya barabara walikuwa wanawake wawili, mmoja mrefu, mmoja kama fimbo, wanaelekea mlimani bila kuharakisha. Walikuwa wanapungua. Walifika kwenye matone, wakaingia katikati yake, na matone yakawapisha kama kondoo wanavyompisha mtu wa nyumbani.

"Usipumue," Elirehema alinong'ona.